Kuamsha Uso wa Plastiki kwa Plazma: Mwongozo Kamili kwa Maabara za Mombasa

Kijana mmoja wa uzamili alinijia maabara asubuhi ya Ijumaa akiwa ameshika trei ya visahani vya polistirini. Seli alizozipanda siku tatu nyuma zilikuwa zinaelea kwenye maji ya lishe, zimejikunja duara kama punje za ufuta, hakuna hata moja iliyoshika chini. "Mwalimu, nadhani seli zimekufa," akasema. Nikamwuliza visahani kavitoa wapi. Kumbe alinunua vile vya kuoteshea bakteria, vyenye bei nafuu, akaona plastiki ni plastiki. Nikamwambia, "Seli zako hazina neno, mwanangu. Uso ndio uliozikataa."

Visahani vya bakteria na visahani vya seli hutengenezwa kwa polistirini ile ile. Tofauti ni kwamba vya seli hupitishwa kwenye plazma, au kwenye cheche za umeme ziitwazo korona, kabla ya kufungwa kwenye pakiti. Kazi hiyo inaweza kufanyika hapa hapa Mombasa kwa mashine ya mezani yenye ukubwa wa oveni ndogo. Kinachowashinda wengi si mashine. Ni usafi unaoitangulia ile dakika moja ya plazma, na saa zinazoifuata. Humo ndimo nitakapokaa zaidi.

Unachokibadilisha ni nini

Plazma hii si ile ya damu. Ni gesi iliyotiwa umeme hadi baadhi ya atomi zake zikapokonywa elektroni. Vitabu vingine vya Kiswahili huiita utegili. Jina la plazma lilitolewa mwaka 1928 na mwanasayansi wa Marekani, Irving Langmuir. Ndani ya mashine ya maabara elektroni huwa na nishati kubwa mno, lakini gesi yenyewe hubaki karibu na joto la chumba, ndiyo sababu plastiki haiyeyuki.

Mwagia maji jani la jimbi uone yanavyojikusanya kuwa shanga na kuteleza. Plastiki nyingi zina tabia inayoelekea huko, ingawa si kwa kiwango cha jani lile. Polietilini, polipropilini na polistirini ni minyororo ya kaboni na hidrojeni tu. Maji hayaoni pa kushika. Plazma ya oksijeni au ya hewa hukata baadhi ya viungo vya minyororo hiyo, na oksijeni ikaingia palipokatwa, yakatokea makundi ya haidroksili, kabonili na kaboksili. Hayo ndiyo yanayopendana na maji na protini. Mabadiliko yote hukaa kwenye nanomita chache za juu, ilhali unywele mmoja wa binadamu ni mpana kwa makumi ya maelfu ya nanomita. Mwili wa plastiki, nguvu zake na umbo lake, vinabaki vilivyokuwa.

Kuna jambo ambalo wanaoanza hulipita mbio. Seli haishiki plastiki moja kwa moja. Protini zilizomo kwenye maji ya lishe, hasa fibronektini na vitronektini, hutangulia kutua usoni, kisha seli ikazishika hizo. Uso unaochukia maji huzipotosha protini hizo umbo. Uso unaopenda maji kupita kiasi nao huenda usizishike vizuri. Seli nyingi hupendelea uso wa katikati, ambapo pembe ya ukingo wa tone la maji lililotua juu yake iko baina ya nyuzi 40 na 70 hivi. Kwa hiyo usishindane kulilaza tone hadi likawa bapa kabisa. Nimeona wenzangu wakijivunia nyuzi 5, kisha seli zikawageuka.

Vifaa, na onyo moja kabla ya lolote

Unahitaji chemba yenye dirisha, pampu ya ombwe, geji ya kupima kani (shinikizo) ya hewa, chanzo cha umeme wa masafa ya redio (mashine nyingi hutumia kilohezi 40 au megahezi 13.56), na gesi. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na kwa kazi nyingi za seli inatosha kabisa.

Onyo lenyewe ni hili. Ukitaka kutumia oksijeni tupu kutoka kwenye mtungi, usiivute kwa pampu yenye oili ya kawaida itokanayo na petroli. Oili hiyo ikikutana na oksijeni nyingi ndani ya pampu inaweza kuwaka au kulipuka. Tumia pampu kavu, au pampu iliyojazwa oili ya PFPE ambayo haiungui katika oksijeni. Kama huna mojawapo, baki na hewa au agoni. Hapa sina mjadala na mtu.

La pili linahusu umeme wetu. Umeme ukipotea ghafla pampu inapokuwa kazini, ombwe la chemba linaweza kuivuta oili kutoka kwenye pampu hadi ndani, na ukungu wake ukatua juu ya sampuli zako. Hakikisha kuna vali inayojifunga yenyewe kati ya pampu na chemba. Kama haipo, zoea kukaa karibu na vali ya mkono mashine ikiwa inafanya kazi. Usiende kunywa chai.

Plazma pia hutoa ozoni na mionzi ya urujuanimno. Bomba la kutolea hewa ya pampu lipeleke nje ya jengo au kwenye kabati la kuvutia moshi, na usikodolee macho dirishani kwa muda mrefu. Na usijaribu hila ya kutumia mikrowevu ya jikoni, hata ukiiona kwenye video ngapi. Mikrowevu haikuundwa kushikilia ombwe wala kukukinga wewe.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa

Uso usioupima kabla huwezi kudai umeubadilisha. Kipimo cha haraka ni pembe ya mguso, yaani pembe ambayo ukingo wa tone la maji unaifanya na uso. Silikoni na tefloni hutoa nyuzi 110 hivi, polipropilini 100, polistirini 90, akriliki 70. Namba zako zikitofautiana sana na hizi kabla ya plazma, basi uso wako ni mchafu au plastiki si ile uliyoambiwa dukani.

Mashine ya kupimia ni ghali, lakini simu inatosha ukiwa na subira. Weka sampuli ukingoni mwa meza, taa nyuma yake na karatasi nyeupe katikati ili mwanga utulie. Iegemeze simu lenzi iwe sawa kabisa na uso wa sampuli. Dondosha mikrolita 2 za maji yaliyokenekwa kwa pipeti ndogo, upige picha ndani ya sekunde 10, kabla tone halijaanza kupungua. Pima kwenye picha kimo cha tone na upana wa kitako chake. Zidisha kimo kwa 2, ugawanye kwa upana, tafuta tanjenti kinyume ya jibu, kisha zidisha kwa 2. Tone lenye kimo cha milimita 1 na upana wa milimita 2 lina nyuzi 90. Tone hilo hilo likilala hadi kimo kikawa nusu milimita na upana milimita 3, ni nyuzi 37. Pima matone matano mahali mbalimbali, uandike yote, si wastani peke yake. Tofauti kati ya matone ndiyo itakayokuambia kama uso ni sawa pande zote.

Maji yawe yaliyokenekwa kweli. Ya bombani yana madini, na ya visima vya kisiwani yana chumvi hadi ulimi unaijua. Ukitumia hayo unapima maji, hupimi plastiki.

Hatua ya pili: usafi

Plazma hufika nanomita chache tu. Utando wa mafuta ulioachwa na kidole kimoja ni mnene kuliko hizo. Kwa hiyo uso mchafu ukiingia kwenye chemba, kinachoamshwa ni uchafu. Tone litalala vizuri, utafurahi, na siku ya pili uchafu utabanduka pamoja na seli zako.

Vaa glavu zisizo na unga, na ushike sampuli kwa koleo ndogo kwenye kingo. Aliyepaka mafuta ya nazi kichwani au losheni mikononi asiguse nywele wala uso akiwa amevaa glavu. Losheni nyingi zina silikoni, nayo husambaa kama uvumi. Anza na sabuni laini ya maabara, suuza mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, kisha fuata plastiki yenyewe inataka nini. Polietilini na polipropilini huvumilia dakika 10 za isopropanoli kwenye beseni la mawimbi ya sauti. Polistirini isuuze kwa isopropanoli kwa muda mfupi tu. Silikoni hunywa isopropanoli kidogo na kuvimba, basi ikaushe vizuri kwa saa kadhaa katika nyuzi 60 hadi 80. Akriliki usiipe spiriti kabisa. Hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, hasa kandokando ya mahali ilipokatwa. Asetoni iweke mbali: polistirini na akriliki zinayeyuka ndani yake.

Kukausha ndiko kunakotutia hasara sisi watu wa pwani. Usianike sampuli karibu na dirisha ili upepo wa kusi uzikaushe. Upepo ule umebeba chumvi, na ukiangalia kwa hadubini utaziona fuwele zake zimekaa juu ya uso. Tumia nitrojeni kavu au hewa iliyochujwa, kisha funika.

Nailoni, akriliki na plastiki za poliesta hunyonya unyevu wa hewa hadi ndani, na maji hayo yatakuwa yanatoka taratibu ndani ya chemba na kuharibu kazi. Zilaze usiku kucha kwenye chombo kilichofungwa chenye silika jeli, ile ya vipakiti vya kwenye viatu vipya, lakini iwe mpya na ya kutosha.

Hatua ya tatu: chemba

Washa plazma kwenye chemba tupu kwa dakika 5 hadi 10 kabla ya sampuli ya kwanza ya siku. Hii huchoma mabaki ya kazi ya jana na kufukuza maji yaliyogandana na kuta. Kwenye miezi ya mvua za masika mimi huongeza hadi 15.

Panga sampuli katikati, zisigusane, zisifunikane. Zile zilizo karibu na elektrodi hupata zaidi kuliko za pembeni, kwa hiyo usijaze chemba kama matatu ya saa kumi na mbili jioni. Vuta hewa hadi kani ishuke kwenye milibaa 0.1 hivi, hewa ya kawaida ni milibaa 1013, upate kujua umetoka wapi. Andika ilichukua dakika ngapi kufika hapo. Ni kipimo chepesi lakini cha thamani: siku ikichukua muda mara mbili, ama kuna unyevu mwingi ama mpira wa mlango una tundu.

Kisha ingiza gesi yako hadi kani ipande kidogo, vuta tena, rudia mara tatu. Tulia kwenye milibaa 0.2 hadi 0.5, uwashe umeme kwa nguvu ndogo. Kwa mashine ya mezani wati 30 hadi 50 ni pa kuanzia. Angalia rangi. Hewa hung'aa waridi inayoelekea zambarau kwa sababu ya nitrojeni. Oksijeni tupu hupauka. Ukiona plazma unayoiita ya oksijeni ina waridi, hewa inapenya mahali. Mwanga ukipepesa au usiwake kabisa, kani huwa iko juu mno au chini mno. Rekebisha gesi kwanza kabla ya kuongeza umeme.

Kuhusu gesi sitasema mengi. Hewa na oksijeni huleta makundi ya oksijeni. Agoni haileti kundi lolote lake, bali huacha viungo vilivyokatika, na oksijeni ya hewa huingia ukifungua mlango. Amonia huleta makundi ya amini (yenye nitrojeni), ambayo baadhi ya seli na protini huyapenda, lakini ni gesi yenye sumu na haifai maabara isiyo na mfumo wake maalumu.

Hatua ya nne: ngazi ya sekunde

Usinakili muda wa mtu mwingine. Chemba yako si yake. Tengeneza ngazi: sekunde 0, 15, 30, 60, 120 na 300, sampuli tatu kila daraja. Pima pembe mara tu baada ya kutoa. Utaona pembe inashuka haraka mwanzoni kisha inatulia. Muda mfupi zaidi ambao pembe imeshatulia, au imefika kwenye kiwango unachokitaka, ndio wako.

Kwa nini usizidishe? Kwa sababu minyororo inayokatwakatwa mno hugeuka vipande vidogo vilivyolala usoni bila kushikamana na chochote chini. Vinapenda maji sana, kwa hiyo tone hulala vizuri na kukudanganya. Jaribio lake ni rahisi, na ningependa kila maabara ilifanye: pima pembe, osha sampuli kwa maji yaliyokenekwa kwa dakika 5, kausha, pima tena. Pembe ikiruka juu sana baada ya kuosha, umezidisha. Silikoni iliyozidishwa huota gamba gumu linalofanana na kioo, gamba hilo likapasuka, na silikoni ikarudi kuchukia maji upesi zaidi.

Kwa viunzi vya kukuzia seli vya plastiki ya PCL (polikaprolaktoni), vilivyochapishwa au kusokotwa, kumbuka PCL huyeyuka kwenye nyuzi 60 hivi. Gawa muda vipande vya sekunde 10 na upumzishe katikati.

Hatua ya tano: saa imeanza

Hewa ikiingia na mlango ukifunguka, andika saa. Uso ulioamshwa huanza kulala tena papo hapo. Minyororo iliyopata oksijeni hugeukia ndani, vipande visivyopenda maji hupanda juu, na mvuke wa mafuta uliomo hewani nao hutua.

Kasi yake inategemea plastiki. Silikoni ndiyo sahaulifu kuliko zote, maana minyororo yake hucheza hata kwenye baridi kali. Baada ya saa chache pembe imeshapanda sana. Polistirini hubaki ngumu hadi joto la karibu nyuzi 100, hivyo hukaa wiki nyingi, ingawa sehemu kubwa ya kile inachopoteza hukipoteza siku za mwanzo.

Nililipia somo hili mwenyewe. Nilikuwa nimetengeneza kijichipu cha silikoni cha kupitishia damu kwenye mifereji myembamba. Nikakipitisha kwenye plazma pamoja na kipande cha glasi, adhana ya Ijumaa ikalia, nikaviacha juu ya meza nikaenda msikitini. Niliporudi saa mbili baadaye nikavibandika, vikashikana, nikaridhika. Kesho yake rangi niliyoipitisha ilivuja pande zote. Silikoni na glasi hubandikwa ndani ya dakika chache baada ya kutoka, kisha huwekwa kwenye nyuzi 70 hivi kwa saa moja ili viungo vikamilike. Kama huna nafasi ya kubandika mara moja, usianze.

Wengi hapa huulaumu unyevu wa Mombasa kwa uso kulala mapema. Nami nililaumu hivyo miaka. Unyevu hutusumbua kabla ya plazma, kwenye ombwe na kwenye kukausha. Baada ya plazma mkosaji mkubwa ni joto, kwa kuwa joto huzipa minyororo nafasi ya kugeuka. Maji yenyewe huyavuta makundi ya oksijeni yabaki juu, ndiyo maana silikoni ikihifadhiwa ndani ya maji safi hudumu muda mrefu zaidi kuliko ikiachwa hewani. Basi wakati wa kaskazi, chumba kinapofika nyuzi 32, weka sampuli zako kwenye jokofu, nyuzi 4, ndani ya maji yaliyokenekwa au katika chombo cha glasi kilichofungwa. Usitumie mifuko laini ya plastiki. Ile inayoteleza hutoa vilainishi vinavyohamia kwenye uso wako.

Hatua ya sita: kuua vijidudu na kupanda seli

Plazma ya aina hii hupunguza vijidudu lakini si utakasaji unaokubalika. Zile mashine za hospitali zinazotumia haidrojeni peroksaidi na plazma ni mfumo mwingine wenye taratibu zake. Otoklevu (chombo cha mvuke wa moto wenye shinikizo) ya nyuzi 121 itaikunja polistirini. Kwa kazi ya benchi, isipokuwa akriliki, loweka katika ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika 30, suuza mara tatu kwa bafa (maji ya chumvi yanayofaa seli) iliyotakaswa, upande seli siku hiyo hiyo. Bidhaa za viwandani hupitishwa kwenye mionzi ya gama, mara nyingi kilogrei 25, au gesi ya ethilini oksaidi. Njia yoyote utakayochagua, pima pembe baada yake pia, kwa sababu huo ndio uso ambao seli zitakutana nao.

Kila jaribio liwe na makundi matatu: plastiki isiyoguswa, plastiki yako uliyoitibu, na kisahani cha seli cha kununua. Bila hilo la tatu hutajua kama umefanikiwa au umepunguza tu ubaya. Hesabu seli zilizoshika baada ya saa 4, kisha tazama umbo lao baada ya saa 24.

Na matokeo mazuri ya benchi hayampi mtu ruhusa ya kuweka kitu mwilini mwa mgonjwa. Kifaa kinachogusa mwili hupimwa kwa mfululizo wa viwango vya ISO 10993, na hapa Kenya vifaa tiba huangaliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Yule kijana alirudi na visahani vyake vya bakteria, tukavipitisha kwenye hewa, daraja tatu, kila pakiti ikiandikwa saa mlango ulipofunguliwa. Kesho yake tuliinama kwenye hadubini kwa zamu. Kwenye sekunde 0 ufuta ule ule. Kwenye sekunde 300 seli zilishika mabaka mabaka, na penye mapengo zilikuwa zimebanduka kama karatasi. Kwenye sekunde 30 zilikuwa zimejinyoosha chini kote, zimetoa mikono, zimeshikana.